Mwaka Nilioshika Upawa

Maharage ya shule yana tabia moja ambayo kila aliyekaa bweni anaijua: yakishatulia sufuriani, punje hukaa chini na supu hukaa juu. Anayegawa akizamisha upawa mpaka chini, sahani yako inajaa. Akiuparaza juu juu, unaondoka na maji mekundu yenye punje tano sita zinazoogelea. Upawa ni uleule, sufuria ni ileile, na huna pa kumshtaki, maana kila mtu kapewa upawa mmoja. Shuleni kwetu jambo hili lilikuwa na neno lake. Ukifika dirishani unasogeza sahani, unamtazama mgawaji usoni na kunong'ona: "Zamisha, kaka."

Neno hilo lilinirudia Desemba iliyopita, nikiwa nimekaa sebuleni na fomu ya kujiunga na kidato cha kwanza ya binti yangu. Jembe lenye mpini, fagio la chelewa, ndoo mbili zenye mfuniko, chandarua, shuka jozi mbili, rimu ya karatasi, sahani, kikombe, kijiko. Simu ya mkononi hairuhusiwi. Nywele zikatwe fupi. Mama yake alikuwa anaisoma kwa sauti na kupiga hesabu ya fedha. Mimi nilikwama kwenye sahani.

Fomu yangu, mwaka 2006, ilikuwa na orodha karibu hiyohiyo, pamoja na ada ya shilingi 70,000 kwa mwaka kwa sisi wa bweni la serikali. Ada ilifutwa kuanzia Januari 2016 kwa kidato cha kwanza mpaka cha nne, na mwaka 2022 kwa kidato cha tano na cha sita. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne Tanga, nikapangiwa kidato cha tano, kombi ya HGL, yaani Historia, Jiografia na Kiingereza, kwenye shule ya wavulana huko Nyanda za Juu Kusini. Jina la shule nitalihifadhi, kwa sababu wengine waliokuwemo bado wako hai na mambo mengine nitakayosema si mazuri. Kumchukua kijana wa pwani na kumpeleka kwenye baridi ilikuwa desturi ya nchi yetu tangu enzi za Mwalimu, watoto wa mikoa mbalimbali walale bweni moja wajuane. Nilijuana nao kweli. Wiki ya kwanza nilijua pia kwamba kuna watu wamezaliwa, wamekua na kuota ndevu bila kuonja mchuzi wa nazi, na wanaona sawa tu.

Shule ilikuwa na vidato vyote, cha kwanza mpaka cha sita, wanafunzi mia sita na ushei. Asubuhi uji, mchana ugali na maharage, usiku ugali na maharage. Jumamosi usiku nyama, vipande viwili kila mtu. Jumapili mchana wali. Kengele ilikuwa rimu ya gurudumu la lori iliyoning'inizwa kwenye mti wa mkaratusi, na sauti yake ya saa saba mchana naweza kuitambua hata leo.

Septemba ile kidato cha sita walianza kukabidhi madaraka. Enzi hizo mtihani wao ulikuwa Februari, kwa hiyo mapema tu waliachana na uongozi wakaenda kupiga msuli. Majina ya wagombea yalichujwa kwanza na walimu, waliobaki wakapanda jukwaani mstarini kujinadi. Nafasi yangu ilikuwa kiranja wa chakula. Mwenzangu aliahidi usafi wa bwalo na mwingine akaahidi nidhamu kwenye foleni. Mimi nilisimama nikasema, "Mkinichagua, kabla sijaondoka hapa mtakula wali wa nazi." Watu walicheka mpaka mwalimu wa zamu akagonga meza. Nikashinda kwa kura nyingi sana.

Kazi ya kiranja wa chakula ilikuwa hivi. Saa kumi jioni unafika stoo, unashuhudia mtunza stoo akipima chakula cha kesho, unasaini daftari. Wakati wa kula unasimama dirishani na wenzako wa zamu, mnagawa. Wapishi wanapika tu, kugawa ni kwa wanafunzi, ili pasiwe na lawama. Huo ndio ulikuwa utaratibu wa shule na kwenye karatasi ulikuwa mzuri.

Wiki ya pili mpishi mkuu, mzee tuliyemwita Babu, aliniita nyuma ya jiko. Alikuwa na mwiko mrefu kama kasia la ngalawa, na alipenda kuongea akiwa ameuegemea.

"Mwanangu, wewe ndiye unasaini daftari?"

"Ndiyo, Babu."

"Maharage mangapi?"

"Madebe manne."

"Lile debe umelitazama ndani?"

Sikuwa nimelitazama. Jioni ile nililishika, nikalipindua kama mtu anayetafuta jina la kiwanda. Upande mmoja lilikuwa limebonyea, bonyeo kubwa la kutosha kulaza mkono wangu mpaka kwenye kiwiko. Nje ungeona ni debe lililozeeka. Ndani, kila upimaji uliacha kilo mbili au tatu stoo, na daftari lenye sahihi yangu likasema zimeliwa. Nilimwambia makamu mkuu wa shule. Hakunijibu kitu. Siku ya tatu nilikuta debe jipya, linang'aa, na mtunza stoo yuleyule akinisalimia kwa uchangamfu ambao sikuwahi kuuona kwake. Hakuna aliyeitwa wala aliyehojiwa. Maharage yaliongezeka kidogo, wenzangu wakadhani ni juhudi zangu, nami sikuwasahihisha.

Nataka kusema neno kuhusu mwaka wenyewe, maana kijana wa miaka kumi na tisa hudhani kila kibaya kinaanzia pale anapoweza kukiona. Nchi ilikuwa imetoka kwenye ukame mkali. Bwawa la Mtera lilikuwa limeshuka maji, umeme ukawa wa mgawo, na bei ya mahindi ilikuwa juu. Sisi wa jiografia tulifundishwa kwamba mito ya milima ileile tuliyokuwa tunatetemeka kwa baridi yake ndiyo inayopeleka maji Mtera. Tuliandika kwenye daftari na kupigiwa vema, bila kufikiri kwamba somo lile linahusu chakula cha jioni. Lilihusu. Mashine ya kusaga ilikuwa mjini na ilitumia umeme. Mahindi yalikuwepo stoo magunia kwa magunia, ila unga hakuna. Na mahindi yasiyosagwa, shuleni, yana njia moja tu: makande.

Siku ya kwanza ya makande watu walifurahi, kwa kuwa ni mabadiliko. Siku ya pili walinyamaza. Siku ya tatu usiku, yalipofunguliwa masufuria na ule mvuke ukatoka, mtu mmoja nyuma kabisa ya bwalo aligonga sahani yake kwa kijiko. Mara moja tu. Kisha mwingine. Ndani ya dakika moja sahani mia sita zilikuwa zinagongwa kwa mpigo mmoja, gizani, maana umeme haukuwepo na tulikuwa na karabai mbili tu. Nimewahi kusikia ngoma nyingi maishani, sijasikia nyingine ya kunitia hofu kama ile. Nilisimama dirishani na upawa mkononi, aproni kifuani, na hakuna hata mmoja aliyesogea kwenye foleni.

Mkuu wa shule alikuja na tochi. Hakufoka. Aliuliza, "Mnataka nini?" Sauti ikajibu gizani: "Ugali!" Alicheka. Mpaka leo nadhani kicheko kile ndicho kilichookoa madirisha. Akasema kesho kuna baraza la shule, kila mtu aje na swali lake, na leo anayetaka kula ale, asiyetaka akalale. Wengi walikula. Njaa haina msimamo.

Kwenye baraza, maswali yaliandikwa kwenye vikaratasi, kaka mkuu akayasoma. Kwa nini hakuna unga. Kwa nini walimu wanaonekana wakibeba unga. Kwa nini shule isinunue mashine yake. Kwa nini tunalima shamba la EK na mahindi hatuyaoni. Hilo la mwisho lilipigiwa makofi marefu, kwa sababu Elimu ya Kujitegemea kwetu ilimaanisha Jumamosi tatu za mwezi na jembe begani. Mkuu alijibu moja baada ya jingine, mengine vizuri, mengine kwa kuzunguka. Kisha akasema hataki kuaminiwa kwa maneno: kaka mkuu na kiranja wa chakula wapande lori, waende mjini wakaone wenyewe.

Tulikwenda. Kwenye mashine kulikuwa na foleni ya magunia mpaka barabarani, mashine kimya, na mwenye mashine amelala juu ya gunia la pumba na kofia usoni. Umeme ungerudi usiku, alisema, au usirudi. Kwa hiyo ilikuwa kweli. Tulirudi tukatoa taarifa mstarini, na nilipokuwa naongea nikasikia mnong'ono ukitembea safu kwa safu: wamehongwa soda. Nilitaka kukataa kwa nguvu, ila tatizo ni kwamba soda tulikunywa. Mkuu alitununulia njiani, fanta moja moja, kwa wema tu. Sikuweza kuwaangalia usoni.

Kuna utaratibu mwingine wa shule ile ambao naukumbuka kwa upendo zaidi. Mwanafunzi mwenye vidonda vya tumbo, akileta cheti cha daktari, alikuwa anasamehewa maharage na kupikiwa wali na mboga laini. Nilipoanza kazi, orodha ya wali ilikuwa na majina kumi na moja. Mwezi uliofuata kumi na tisa. Kufika Novemba, shule ilikuwa na wagonjwa wa vidonda vya tumbo thelathini na wanane, wengi wao wakiwa wachezaji wa mpira, na mmoja nilimwona mwenyewe akila pilipili mbichi. Vyeti vyote vilikuwa na mwandiko mmoja. Kidato cha sita mmoja, kombi ya sanaa, alikuwa na mhuri aliouchonga kwenye soli ya kandambili. Alipokamatwa alichapwa mbele ya mstari. Kanuni za viboko za mwaka 2002 zinasema visizidi vinne, na mchapaji awe mkuu wa shule au mwalimu aliyepewa naye idhini kwa maandishi. Nilihesabu tisa, walimu wawili wakipokezana. Hayupo aliyezungumzia kanuni siku ile, nami wakati huo sikuijua. Orodha ya wali ikarudi watu tisa. Inaonekana kuna wagonjwa wa kweli wawili walioogopa kuendelea kuumwa.

Ramadhani iliingia mwishoni mwa Septemba, nikiwa mgeni kabisa kazini. Tuliofunga tulikuwa sitini na kitu. Shule ilituruhusu kupika futari kwa kuni zake, viazi na uji wa pilipili manga, na daku tulikula ugali uliobaki, Babu ameufunika kwa majani ya mgomba ili usikauke. Babu mwenyewe alikuwa Mlutheri. Aliamka saa tisa usiku mwezi mzima kutuwashia moto, na nilipomwambia asijisumbue akasema yeye akishafika umri ule hana usingizi wa kuharibu.

Ahadi ya nazi niliitimiza Idi ile. Nilimwandikia mama, naye akatuma viroba viwili vya nazi kwa basi, zikapita mikononi mwa makondakta watatu. Zilifika arobaini, mbili zimepasuka. Hapo ndipo nilipogundua kwamba shule nzima haina mbuzi. Nilipomwambia Babu nahitaji mbuzi wa kukunia nazi, alidhani nataka mnyama. Ikabidi tuzivunje na kuzitwanga kwenye kinu, vijana kumi kwa zamu, tukazichuja kwa chandarua kipya cha mtu. Nazi thelathini na nane kwa watu mia sita. Wali ulitoka na harufu ya nazi kama harufu ya jirani anayepika. Lakini Wakristo na Waislamu walikula pamoja, watu wakasema kweli, jamaa kaleta nazi, na rafiki yangu mmoja wa Sumbawanga alitafuna kwa makini kisha akauliza kama ile ladha ya sabuni ndiyo yenyewe.

Nimezunguka sana. Ninachokitaka kukisimulia kilitokea baada ya hapo, na ni kidogo.

Kidato cha kwanza kulikuwa na kijana mfupi, mfupi kuliko dirisha la jikoni. Ili apate chakula ilibidi ainue sahani juu ya kichwa chake, nasi tuliokuwa ndani tuliona sahani ikija yenyewe na vidole vinne vimeishika. Hatukuwa na chuki naye. Hatukuwa na chochote naye. Sahani inakuja, upawa unaparaza, sahani inaondoka. Siku moja alinifuata darasani, amesimama mlangoni na shati lililomzidi, akaamkia kama anavyopaswa, kisha akasema:

"Samahani kaka. Nilikuwa nauliza, yale maharage ya chini huwa mnaanza kugawa saa ngapi?"

Hakuwa ananikejeli. Alikuwa anauliza muda ili siku nyingine awahi. Alikuwa ameona wenzake wakipita na maharage ya chini, akafikiri kuna ratiba.

Sikumbuki nilimjibu nini. Nakumbuka mchana uleule nilijichunguza mkono wangu dirishani. Akija wa kidato cha tano, unazama. Akija aliyenipigia kampeni, unazama. Akija kaka mkuu, unazama na kugota chini. Kidato cha kwanza na cha pili, unaparaza. Hakuna siku niliyokaa nikaamua hivyo. Ningeapa mbele ya baraza kwamba nagawa sawa, na ningeapa kwa moyo safi.

Nikapata wazo, na nililiona la kishujaa. Nilichukua gunia, nikalipasua, nikalitundika dirishani kama pazia, likabaki tundu la chini la kupitisha sahani. Mgawaji haoni uso, anaona sahani tu. Walimu walinisifu. Mwalimu wa uraia alilitaja gunia langu darasani alipokuwa akifundisha utawala wa sheria. Kwa wiki mbili hivi foleni ilikuwa tulivu na malalamiko yalipungua.

Kisha watu wakaanza kurembesha sahani. Mmoja alipiga mstari wa rangi ya kucha ukingoni. Mwingine alitoboa tundu akafunga uzi mwekundu. Wengine waliunguza herufi zao kwa msumari wa moto, kubwa, pale ambapo mgawaji hawezi kukosa kuziona. Kufika mwezi wa kwanza nilikuwa nazijua sahani za shule kama ninavyozijua nyuso. Ile ya bluu yenye ufa ni ya jirani yangu wa kitanda. Ile ya melamini yenye waridi ni ya kapteni wa mpira. Na zile sahani za kijani za plastiki, zilizouzwa kwa wingi gulioni kwa sababu ndizo za bei ndogo, zote zilifanana, na nilijua tu kwamba ni za wadogo. Mkono uliendelea na kazi yake.

Babu ndiye aliyekuwa na dawa. Alisema mtu mmoja asimame na mwiko akoroge bila kuacha, yasipate kutulia kabisa, halafu mgawaji achote popote anapotaka. Tulifanya hivyo siku nne. Ilifaulu vizuri mno, na foleni ikachelewa nusu saa, prepu ikaanza wachache wakiwa madarasani, mwalimu wa zamu akaandika ripoti, na tukaambiwa turudi kwenye utaratibu wa kawaida. Mkorogaji mwenyewe alikuwa ameshaanza kulalamika mgongo.

Agosti 2007 nikakabidhi upawa kwa kijana wa Singida, mpole, anayesali sana. Siku ya kwanza nikiwa raia wa kawaida nilisimama kwenye foleni na sahani yangu. Gunia lilikuwa bado lipo, limejaa madoa ya mchuzi. Nilipofika nikainama mpaka kwenye lile tundu, na kabla sijafikiri nikajisikia nikisema, "Zamisha, dogo, ni mimi."

Akazamisha.

Basi Desemba tulikwenda Kariakoo na fomu yetu, mimi na binti. Jembe tulipata, chandarua tulipata, tranka tulibishana bei mpaka jasho likatutoka. Kwenye duka la vyombo kulikuwa na rundo la sahani za kijani mpaka kiunoni, na mwenye duka akasema hizo ndizo wanafunzi wote wanachukua, kachukue tu mzee. Binti yangu alikuwa ameshafika rafu ya ndani. Alirudi ameshika sahani ya njano, njano kali ya kuumiza macho, ina ua kubwa jekundu katikati.

"Baba, nataka hii."

Nilimwambia ni ghali. Akasema tofauti ni mia tano. Nilimwambia itaibiwa. Akasema nani aibe sahani yenye ua kama hili, si ataonekana? Niliitazama ile sahani, nikaigeuza, nikaona ni ya kuonekana kwelikweli, hata ikipita kwenye tundu dogo la gunia na jiko limejaa moshi.

Nikalipa ya njano.